Mzinga, Kamba na Wapagazi: Namna ya Kujenga Diorama ya Kijeshi

Diorama ya kijeshi ni mandhari ndogo yenye urefu, upana na kina, ambamo sanamu za watu, silaha, majengo na ardhi yenyewe hutengenezwa kwa uwiano mmoja ili kuonyesha tukio la vita lililotokea mahali fulani na wakati fulani. Mfano wa mzinga uliowekwa peke yake juu ya ubao humwonyesha mtazamaji umbo la silaha tu, ilhali diorama humwonyesha silaha hiyo ikiwa kazini, pamoja na watu walioihudumia, njia waliyopita na jasho lililowatoka. Kwa sababu hiyo kila kinachowekwa ndani yake, kuanzia kifungo cha shati hadi rangi ya vumbi, ni dai la kihistoria, na fundi anayekiweka hana budi kuwa na ushahidi au hoja ya kukitetea.

Wajibu huo una historia ndefu. Nchini Ufaransa, kuanzia mwaka 1668, Louvois, aliyesimamia mambo ya vita chini ya Mfalme Louis wa 14, aliagiza itengenezwe mifano ya miji yenye ngome, mingi kwa uwiano wa 1:600, ili mfalme na makamanda wake wapange ulinzi wa mipaka wakiwa Paris, na sehemu ya mifano hiyo ingali inahifadhiwa katika jumba la Invalides mjini humo. Kwa upande wa Uingereza, Kapteni William Siborne, alipokuwa akitengeneza mfano wa vita vya Waterloo vya mwaka 1815, aliishi kwa miezi kadhaa katika shamba la La Haye Sainte, lililo katika medani hiyo, akipima mabonde na vilima, kisha akawaandikia maofisa walionusurika akiwauliza vikosi vyao vilisimama wapi na hata mashambani kulikuwa na mazao gani. Mfano huo, wenye maelfu ya sanamu za bati, ulionyeshwa London mwaka 1838 na sasa umo katika makumbusho ya jeshi ya taifa jijini humo, na majibu ya barua zake yamekuwa miongoni mwa vyanzo ambavyo wanahistoria wa Waterloo huvirejea mpaka leo. Ni dhahiri basi kwamba utafiti uliofanywa kwa ajili ya mfano unaweza kuwa na thamani sawa na mfano wenyewe.

Tukio la kuonyeshwa

Katika Afrika Mashariki hakuna tukio linalofundisha kanuni za fani hii vizuri kuliko safari ya mizinga ya meli ya Königsberg wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Meli hiyo ya kivita ya Ujerumani, iliyobeba mizinga 10 mikubwa yenye kipenyo cha sentimita 10.5, iliizamisha meli ya Kiingereza ya Pegasus katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikajificha katika delta ya Mto Rufiji, na hatimaye ikazamishwa na mabaharia wake wenyewe tarehe 11 Julai 1915 baada ya kushambuliwa na meli za Kiingereza za Severn na Mersey. Mizinga yake yote iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam, na katika karakana za huko ikaundiwa magari ya magurudumu ili itumike nchi kavu. Mmoja uliwekwa katika meli ya Graf von Götzen kwenye Ziwa Tanganyika, ambayo baadaye ilipewa jina la Liemba, na mingine ilisambazwa katika medani mbalimbali, ikiwemo ya Kondoa Irangi mnamo Mei 1916. Mizinga hiyo iliundwa kukaa juu ya sitaha ya meli, na mtutu mmoja peke yake ulizidi uzito wa tani moja, hivyo kuuvusha mzinga katika njia za udongo kulihitaji mamia ya wapagazi waliouvuta kwa kamba.

Tukio linalopendekezwa hapa, yaani mzinga mmoja ukivutwa katika njia ya kuelekea Kondoa mwishoni mwa mvua za mwaka 1916, halina mlipuko wala mapigano. Lina jambo zito zaidi, nalo ni mzigo na watu walioubeba, na mafanikio ya diorama hii yatapimwa kwa swali moja: je, mtazamaji anauhisi uzito ule?

Skeli na mpangilio

Skeli ni uwiano kati ya kipimo cha kitu halisi na kipimo cha mfano wake. Katika skeli ya 1:35, inayotumiwa sana kwa mifano ya majeshi ya nchi kavu, mtutu wa mzinga huu, ambao urefu wake ni mara 40 ya kipenyo chake, yaani mita 4.2, huwa na urefu wa sentimita 12, na mtu wa sentimita 170 huwa na kimo kisichofika sentimita 5. Katika skeli ya 1:72, ambayo ni ndogo zaidi, mtutu huo hupungua hadi sentimita 5.8 na mtu hukaribia sentimita 2.4, kimo ambacho bado kinatosha kuonyesha mkao wa mwili lakini hakitoshi kuonyesha uso unavyokaza. Kwa kuwa tukio hili linategemea nyuso na misuli, skeli ya 1:35 ndiyo inayofaa, ingawa inaleta tatizo la nafasi, kwa maana wapagazi 40 waliopangwa wawiliwawili, kila jozi ikiwa mita moja nyuma ya nyingine, wanahitaji njia ya mita 20 ambayo kwa skeli hiyo ni sentimita 57, achilia mbali mzinga wenyewe.

Ufumbuzi wa tatizo hilo ni kukata tukio badala ya kulibana. Fundi huonyesha mzinga na jozi sita au saba za mwisho, kisha huziacha kamba ziendelee hadi ukingoni mwa kitako, yaani ubao unaobeba mandhari yote, na kuzikata hapo zikiwa zimenyooka kwa mkazo. Mtazamaji anayeona kamba iliyokazika ikiishia hewani huelewa bila kuambiwa kwamba mbele yake kuna watu wengine wengi. Njia nayo isiwekwe sambamba na kingo za ubao, kwa sababu mistari inayofuata kingo hulifanya tukio lionekane limepangwa kama bidhaa dukani. Ikipita kwa mshazari na kupanda kidogo, jicho huanzia kwenye gurudumu lililozama, hufuata kamba, hupita mgongo mmoja baada ya mwingine, na kufika ukingoni.

Ushahidi kabla ya gundi

Fundi makini hukusanya ushahidi kabla ya kukata kipande chochote. Mizinga kadhaa ya Königsberg ipo hadi leo, ukiwemo ulio Fort Jesus mjini Mombasa na mwingine ulio Union Buildings mjini Pretoria, na vitu hivyo huweza kupimwa na kupigwa picha kila upande, ila ikumbukwe kwamba rangi iliyopo sasa ni ya watunzaji wa baadaye. Kwa watu, sanamu za shaba zilizowekwa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi miaka ya 1920 kuwakumbuka askari na wapagazi husaidia kufahamu namna mavazi na vifaa vilivyobebwa mwilini, japokuwa zinawahusu waliohudumu upande wa Waingereza. Askari wa upande wa Wajerumani walivaa sare ya kaki na tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha rangi hiyohiyo, na wengi wao mwanzoni mwa vita walikuwa na bunduki za Mauser za mwaka 1871, zilizotumia baruti yenye moshi mwingi.

Picha za zama hizo ni hazina, lakini zinahitaji kusomwa kwa tahadhari. Filamu nyingi za wakati huo hazikuhisi mwanga mwekundu, kwa hiyo kitu chekundu kilitoka karibu cheusi na kitu cha buluu kilitoka cheupe kuliko kilivyokuwa, na fundi anayekadiria rangi ya shuka au ya udongo kwa kuangalia weusi na weupe wa picha hizo anaweza kupotoka kabisa. Udongo wa njia za Kondoa ni bora ukatazamwa wenyewe.

Mzinga na watu wake

Mzinga hujengwa kwa mabamba na mirija ya plastiki, ambayo hukatwa kwa kisu chembamba, hulainishwa kwa msasa na kuunganishwa kwa gundi inayoyeyusha plastiki kidogo ili pande mbili zishikamane. Magurudumu yanastahili uangalifu kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa kuwa hapo ndipo uzito wote unapokutana na ardhi, na gurudumu linalogusa udongo kwa juujuu hubatilisha kazi yote iliyofanywa juu yake. Kwa hiyo ardhi huumbwa gurudumu likiwa mahali pake, likikandamizwa katika udongo mbichi wa mfano, ili tope lipande pembeni mwake na mfereji ubaki nyuma yake.

Sanamu za watu ndizo zenye ugumu mkubwa. Sanamu nyingi zinazouzwa katika skeli ya 1:35 ni za wanajeshi wa Ulaya na Marekani wa Vita vya Pili vya Dunia, na kuzipaka rangi ya kahawia hakuzifanyi kuwa wapagazi wa Kiafrika wa mwaka 1916. Fundi hulazimika kutengeneza mifupa ya waya mwembamba, kuikunja mpaka mkao uwe sahihi, kisha kuivika nyama kwa puti ya epoksi, ambayo ni udongo wa sehemu mbili unaogeuka mgumu baada ya kuchanganywa. Mtu anayevuta mzigo mzito huinamisha kiwiliwili mbele kupita vidole vya miguu yake, hivi kwamba kamba ikikatika ataanguka kifudifudi. Mguu wa nyuma hunyooka, kisigino hunyanyuka, shingo huingia mabegani, na kamba hulala begani juu ya kitambaa kilichokunjwa kuzuia michubuko. Wapagazi wakisimama wima huku wameshika kamba, mzinga wote utaonekana mwepesi.

Ngozi nayo hupakwa kwa tabaka. Rangi ya kwanza huwa kahawia iliyoiva, vivuli huongezwa kwa kahawia yenye wekundu au uzambarau kidogo, na sehemu zinazopokea mwanga, yaani paji la uso, mifupa ya mashavu na mabega, huinuliwa kwa rangi ya kahawia yenye joto la manjano, wala si kwa nyeupe, ambayo huifanya ngozi ionekane imepakwa majivu. Kila sanamu ipewe mchanganyiko wake, kwa kuwa wapagazi walitoka katika jamii nyingi. Shuka za merikani na kaniki zipauke mabegani, ziive kwa jasho mgongoni na zichafuke kwa tope chini ya magoti.

Kamba za kuvutia zinaonyesha vizuri maana ya kufuata skeli hadi mwisho. Kamba halisi yenye unene wa sentimita 3.5 huwa na milimita moja tu katika mfano, na uzi wa kawaida wa unene huo huwa na vinyweleo ambavyo kwa uwiano vingekuwa virefu kama vidole. Kwa hiyo uzi huvutwa mara kadhaa juu ya nta ya nyuki mpaka ulainike, hupakwa rangi, kisha hukazwa kabisa kabla ya kugundishwa.

Ardhi, mimea na uchakavu

Kanuni hiyohiyo huongoza ardhi. Chembe ya mchanga yenye upana wa milimita moja ni sawa na jiwe la sentimita 3.5, linalokaribia ukubwa wa ndimu, na njia iliyomwagiwa mchanga usiochekechwa huonekana kama kitanda cha mto. Udongo halisi hukaushwa, hutwangwa, huchekechwa kwa kitambaa chepesi, kisha huchanganywa na gundi nyeupe ya mbao na maji na kutandazwa juu ya umbo la jasi. Nyasi ndefu hutengenezwa kwa nyuzi za makumbi ya nazi zilizopakwa rangi, zikiwa za kijani chini na zikianza kuwa manjano nchani, kwa sababu mwezi wa Mei mvua zinakwisha huku majani yakiwa yamefikia kimo chake.

Mwisho huja uchakavu, yaani kazi ya kuonyesha kwamba vitu vimetumika. Rangi ya mafuta iliyozimuliwa sana kwa tapentaini huachwa itiririke katika pembe na kuzunguka misumari ili kutia kivuli, na brashi iliyofutwa karibu ikauke hupitishwa juu ya kingo ili kuzing'arisha. Kila alama iwe na sababu: chuma hung'aa pale mikono iliposhika, rangi huchubuka pale kamba iliposugua, na tope hurukia upande wa nyuma wa gurudumu. Kutu iliyosambazwa kila mahali kwa ajili ya mapambo ni kosa la kihistoria, kwani mzinga huo ulihudumiwa na mabaharia waliojua thamani yake.

Wajibu wa fundi

Makadirio ya wapagazi waliokufa wakihudumia upande wa Waingereza pekee yanakaribia watu 100,000, wengi wao kwa maradhi na utapiamlo, na ripoti ya mwaka 2021 ya tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita hivyo hawakuwahi kukumbukwa kwa majina. Upande wa Wajerumani nao uliwatumikisha wapagazi wengi. Mfano wa mzinga wa Königsberg usio na watu hao, hata ukiwa na kila msumari mahali pake, haujakamilika, kwa sababu unaonyesha silaha na kuificha nguvu iliyoisogeza. Walimu wa historia, watunzaji wa makumbusho na vijana wenye mikono hodari wa Tanzania, Kenya na Uganda wanavyo vyanzo vya kazi hii karibu nao: mizinga yenyewe, sanamu za mijini, udongo wa njia zilezile na masimulizi ya wazee. Waijenge diorama hiyo, na waanze na wapagazi kabla ya mzinga.