Mtangazaji Akisema, Ni Habari au Ni Maoni Yake?

Swali hili limeulizwa mara nyingi katika mikutano ya vikundi hapa Keumbu: kama kitu kimesemwa redioni, si basi ni kweli? Na mtangazaji huyo huyo akiandika kwenye Facebook yake usiku, hiyo nayo ni habari ama ni mambo yake tu? Ni swali zuri, na kwetu Gusii si la mchezo.

Tukumbuke Mei 2008. Watu 11, wanane wao akina mama, waliuawa Kisii na umati uliodai kuwa ni wachawi. Oktoba 2021, kule Marani, wanawake wanne wenye umri mkubwa waliuawa kwa madai yale yale. Sasa hebu tutazame maneno. Mwandishi mmoja anaweza kuandika, "Wachawi wanne wauawa." Mwingine ataandika, "Wanawake wanne wauawa kwa madai ya uchawi." Huyu wa kwanza ameshahukumu. Amemwita marehemu omorogi, na aliyeshika kiberiti akisikia hivyo anajiona amesaidia kijiji. Wa pili amesema yanayojulikana tu, yaani ni nani waliokufa na watu walidai nini. Kwa mama mzee anayeishi peke yake huko mlimani, neno hilo moja laweza kuwa uhai au kifo.

Hiyo ndiyo maana ya mwandishi kutopendelea. Si kwamba hana moyo. Ana ukoo wake, ana kanisa lake, na siku ya kura anapiga kura kama sisi. Kinachotakiwa ni kazi yake ifuate utaratibu: aulize pande zote, aseme ni nani aliyemwambia, ahakikishe kabla ya kutangaza, na maoni yake ayaweke kando ili msikilizaji ajue kwamba sasa anasikia maoni. Kanuni zilizoambatanishwa na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013 zilidai habari iwe sahihi, ya haki na isiyopendelea.

Je, na ukurasa wake mwenyewe kwenye simu? Wengine husema hapo yuko nyumbani kwake, aachwe. Sisi hatukubali moja kwa moja. Chifu akiongea hotelini akinywa chai bado watu wanasema, "Chifu amesema." Vivyo hivyo mtu mwenye sauti inayojulikana. Ana haki ya maoni, Katiba inampa, lakini asirushe uvumi ambao asingethubutu kuusoma kwenye taarifa ya saa moja.

Maoni mengine hutoka hapo hapo studioni, tena kwa kicheko. Machi 2021, watangazaji watatu wa Homeboyz Radio ya Nairobi walizungumzia kisa cha mwanamke kijana aliyesema mwanamume alimsukuma kutoka ghorofa ya 12 baada ya yeye kumkatalia. Badala ya kuuliza yaliyompata, wakamlaumu yeye, ati wanawake wanajirahisisha. Mamlaka ya Mawasiliano ilisimamisha kipindi hicho kwa miezi sita na kutoza kituo faini ya shilingi milioni moja, na watangazaji wakafutwa kazi. Wasikilizaji ndio waliopiga kelele kwanza.

Kuna upendeleo mwingine usiopiga kelele. Habari inaweza kuwa sahihi kila neno, lakini walioulizwa wote ni wanaume: chifu, polisi, mbunge, mwenyekiti wa soko. Soko lenyewe la ndizi limejaa akina mama! Utafiti wa kimataifa unaoratibiwa na shirika la Kikristo la mawasiliano, WACC, ulianza kuhesabu jambo hili mwaka 1995. Mwaka huo wanawake walikuwa 17 kati ya kila watu 100 waliotajwa au kuhojiwa katika habari. Mwaka 2020 walikuwa 25. Miaka 25, na wameongezeka wanane tu.

Chanzo kimoja kiko ndani ya chumba cha habari. Binti anatumwa kuandika mapishi na mavazi, kijana wa kiume anapewa siasa. Na mwanamke akiwa na uchungu juu ya jambo, anaambiwa hawezi kuwa wa haki. Huko Marekani gazeti la Washington Post lilimkataza mwandishi wake, Felicia Sonmez, kuandika habari za unyanyasaji wa kingono kwa sababu mwenyewe alikuwa amesema hadharani kwamba yalimpata. Katazo hilo liliondolewa Machi 2021. Sisi twauliza: mwandishi aliyelima chai anakatazwa kuandika bei ya chai? Tumpime kwa kazi aliyoileta. Na binti anayesumbuliwa na mkubwa wake kazini ajue kwamba Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aweke taratibu za maandishi dhidi ya usumbufu huo.

Ukitangazwa uongo, usikae kimya. Kifungu cha 35(2) cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutaka habari ya uongo inayomdhuru isahihishwe au ifutwe. Anza kwa kumwandikia mhariri: taja kituo, siku, saa, na maneno yaliyosemwa, na ubaki na nakala. Wakikataa, sheria ya 2013 iliunda Tume ya Malalamiko chini ya Baraza hilo.

Kwa wiki hii kikundi kichague taarifa moja ya redio. Katibu achore safu mbili katika daftari la kumbukumbu, wanaume na wanawake, na kuhesabu ni nani waliosikika. Chini yake aandike kila jambo lililosemwa bila kutajwa aliyelisema. Mje na daftari hilo kwenye mkutano ujao.