Wakala wa forodha nchini Tanzania

Wakala wa forodha ni mtu au kampuni yenye leseni ya kushughulikia nyaraka na malipo ya mizigo inayoingia au kutoka nchini kwa niaba ya mwenye mali. Nchini Tanzania leseni hutolewa na Mamlaka ya Mapato (TRA) na huisha tarehe 31 Desemba kila mwaka.

Kazi hiyo huongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika mwaka 2005. Kifungu cha 147 kinamhesabu wakala kuwa kama mwenye mali: ushuru ukipungua, yeye pia anaweza kudaiwa. Wateja wengi hawalijui jambo hilo, lakini ndilo linalowafanya mawakala waulizane sana.

Kwa mfano, mfanyabiashara wa Kijenge, jijini Arusha, anaagiza sabuni kutoka Nairobi kupitia mpaka wa Namanga. Ikiwa imetengenezwa Kenya kwa kufuata kanuni za uasili na ina cheti cha uasili, haitozwi ushuru wa forodha, ingawa kodi ya ongezeko la thamani inabaki. Ikiwa imetoka nje ya Jumuiya na kufungashwa upya tu Nairobi, hutozwa ushuru wa pamoja. Viwango vikuu vya ushuru huo ni asilimia 0, 10 na 25. Mwaka 2022 kiliongezwa cha asilimia 35.

Viwango hubadilika kila Julai, baada ya bajeti, na hutangazwa katika Gazeti la Jumuiya. Tena nchi mwanachama yaweza kuruhusiwa kutumia kiwango chake kwa mwaka mmoja, hivyo wakala wa upande wa Kenya anaweza kumpa mwenzake wa Tanzania jibu lililo sahihi kwake tu. Ndiyo maana kunakili namba ya bidhaa kutoka hati ya mwenzake ni hatari, hata kama mizigo inafanana.

Njia za kuaminika zaidi ni mafunzo ya cheti cha uwakala cha Afrika Mashariki, taarifa za chama chao (TAFFA), na kumwomba Kamishna uamuzi wa maandishi kabla mzigo haujafika. Asiyeridhika na uamuzi wa forodha ana siku 30 za kuomba upitiwe upya. Nyaraka nazo zitunzwe miaka 5, kwa kuwa ukaguzi unaweza kufanyika muda mrefu baada ya mzigo kutolewa.