Kiduha: Ua la Mbugani Lililoingia Shambani

Katika mashamba ya mahindi ya Tanzania, mvua zinapokaribia kwisha, pengine huonekana maua madogo chini ya mabua, mekundu sana au ya zambarau hafifu. Mgeni huyasifu. Mkulima huyatazama kwa uchungu, kwa kuwa ni maua ya kiduha, na hadi yatokezapo juu ya ardhi, hasara imekwisha kutendeka.

Jina hilo moja hubeba aina kadha wa kadha. Kiduha chekundu, Striga asiatica, kimeenea Afrika na hata Bara Hindi. Kile cha zambarau, Striga hermonthica, kirefu zaidi, huanzia Senegal hadi Ethiopia, na katika Tanzania husumbua hasa Kanda ya Ziwa. Vyote ni wenyeji wa nchi za nyasi, vikinyonya mizizi ya nyasi za mwitu. Mtama nao hushambuliwa tangu kale. Lakini mahindi, yaliyoletwa kutoka bara la Amerika, hayakuwahi kukutana na adui huyu huko kwao, na ndiyo yanayoumia sana.

Mche mmoja huweza kutoa mbegu makumi ya maelfu, laini kama vumbi, nazo hukaa ardhini miaka kumi na zaidi. Haziamki mpaka zisikie dawa itokayo katika mzizi wa mmea wa kunyonywa. Waingereza hukiita gugu la mchawi, na si bure: mahindi hunyauka hali udongo una maji.

Mbegu hizo huchukuliwa na mafuriko, na tope la kwatoni, na zaidi ya yote na gunia la nafaka. Mwaka 1956 kiduha chekundu kiligunduliwa Carolina ya Kaskazini na ya Kusini, Marekani, ng'ambo ya bahari. Basi Mpanda si mbali. Tangu miaka ya 1970 Wasukuma wengi wamehamia nyanda za Rukwa na Katavi pamoja na ng'ombe wao; na njia ya watu, pasipo kosa la mtu, ni njia ya mbegu pia.

Kung'oa kabla ya kuzaa mbegu hufaa, ila ni kazi ya miaka. Pamba, ambayo hulimwa Katavi, husaidia kwa namna ya ajabu: mizizi yake huziamsha mbegu za kiduha, lakini hainyonyeki, nazo zikisha kuamka hufa kwa njaa.