Malengo ya Nyumbani katika Tiba ya Watoto Wenye Ulemavu

Tiba kwa vitendo ni taaluma ya afya inayomwezesha mtu kutekeleza shughuli zake za kila siku, ambazo kwa mtoto ni kula, kuvaa, kuoga, kwenda msalani, kucheza na kusoma. Nchini Kenya wataalamu wake walianza kufunzwa Nairobi mwaka 1968, na tangu 2017 mafunzo na usajili wao una sheria yake mahususi. Hata hivyo, katika nyanda za majani chai za Kericho na Bomet, mzazi anayempeleka hospitalini mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani hitilafu ya ubongo unaokua ambayo huvuruga mwendo na mkao wa mwili, mara nyingi hutarajia jambo moja tu: mtoto anyooshwe viungo.

Kunyoosha viungo kuna mahali pake, lakini hakumfundishi mtoto kazi yoyote. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2013 na Iona Novak wa Australia pamoja na wenzake yalionyesha kwamba mazoezi yanayolenga shughuli mahususi, pamoja na programu za nyumbani, yana ushahidi wa kuaminika, ilhali mbinu kongwe ambayo mtaalamu huuongoza mwili wa mtoto kwa mikono yake haikupata ushahidi kama huo.

Lengo, kwa maana ya kitaalamu, ni jambo ambalo mtu yeyote aliye nyumbani anaweza kuona kama limetimia au la. "Kuimarisha mikono" si lengo, kwa kuwa hakuna ajuaye litafikiwa lini. "Kuvaa sweta ya shule mwenyewe, akiwa ameketi, kabla ya muhula kwisha" ni lengo, na mjini Kericho, ulioko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, sweta ya asubuhi si pambo. Mtoto ambaye mkono wake mmoja ni dhaifu hutangulizwa mkono huo katika mkono wa sweta. Msaidizi humvalisha hadi kifuani, kisha humwachia hatua ya mwisho tu, ya kuivuta sweta ishuke tumboni. Akiimudu, huachiwa pia hatua iliyotangulia, ya kupenyeza kichwa, na hivyo kurudi nyuma hatua kwa hatua, ili kila zoezi limalizike kwa mtoto kufanikiwa badala ya kushindwa.

Kuhusu upimaji, chombo kilichochapishwa Kanada mwaka 1991, kiitwacho COPM, huitaka familia yenyewe itaje shughuli inazoziona muhimu, kisha itoe alama kuanzia 1 hadi 10 kwa namna mtoto anavyozifanya na kwa kiwango cha kuridhika kwa familia hiyo, na alama hizo hutolewa upya baada ya kipindi cha tiba.

Tatizo kubwa ni nani anayeulizwa. Mama mchuma chai anayelipwa kwa kilo huondoka alfajiri, na siku anayokaa kliniki ni siku asiyopata ujira. Anayemvalisha na kumlisha mtoto ni nyanya, na pengine Kiswahili si lugha anayoitumia kueleza mambo ya ndani. Lengo lisilojadiliwa naye, tena kwa Kikipsigis, lugha ya wenyeji wa eneo hilo, hubaki kwenye faili. Wahudumu wengine hulalamika kwamba familia hazifuati maagizo, nao hawajawahi kuuliza kama zoezi la nusu saa lina nafasi katika nyumba hiyo. Zoezi linalofaa ni lile linalofanyika wakati mtoto angevalishwa au kulishwa hata hivyo.

Basi mzazi au nyanya anayempeleka mtoto hospitalini asitoke katika chumba cha tiba kabla ya kuandikiwa kwenye kadi mambo mawili: mtoto anatarajiwa aweze kufanya nini, na kufikia tarehe gani.