Cherehani ya mama na baiskeli iliyobaki Nchelenge

JUMAPILI ya Desemba 3, 2000, mji wa Pweto ulianguka mikononi mwa waasi wa RCD na jeshi la Rwanda. Nilikuwa na umri wa miaka 13. Pantoni ilikuwepo, lakini magari ya jeshi yalikuwa yametangulia kivukoni, na wanajeshi wenyewe walikuwa wakikimbilia Zambia. Sisi raia hatukuwa na wa kutuhamisha.

Aliyetuvusha ni mvuvi wa Nchelenge. Zambia hufunga uvuvi katika Ziwa Mweru kila mwaka kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari. Kwa hiyo nyavu alikuwa ameziacha nyumbani, boti lake likibeba mizigo. Alitaka nauli. Mama hakuwa na hata senti. Alikuwa na cherehani kichwani.

"Mama, hiyo iwe rehani," alisema. "Ukipata, utaikomboa."

Tukapanda. Kutoka Nchelenge tulichukuliwa kwa lori hadi kambi ya Kala, wilayani Kawambwa. Wanajeshi walionyang'anywa silaha Zambia walirudishwa kwao mapema. Sisi tulikaa Kala hadi kambi ilipofungwa mwaka 2010.

Siku ya kurudi, mama alipita Nchelenge na fedha alizodunduliza kwa kuuza mihogo. Mzee yule alikwisha kufariki. Mjane wake akaitoa cherehani, imefungwa kwa kitenge, ina mkanda mpya.

"Imenisomeshea watoto, dada yangu," alisema. "Nikudai nini tena?"

Mimi nikawa mfanyabiashara wa ziwani. Nanunua unga na sabuni Kashikishi, navusha Kongo, narudi na samaki wakavu. Boti ni langu.

Mwishoni mwa Agosti 2017 watu walianza tena kukimbia mapigano upande wa Pweto. Walipokewa Kenani, kituo cha muda wilayani Nchelenge, na kuanzia mwaka 2018 wengi wakahamishiwa makazi ya Mantapala. Wapo niliowavusha mimi. Nami, ndugu msomaji, nilitoza. Petroli ilikuwa imepanda bei, ndivyo nilivyojitetea. Baba mmoja mwenye watoto watatu hakuwa na kitu ila baiskeli. Nikaichukua.

Mama aliiona uani kwangu. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Mwenyewe unamjua jina?"

Sikumjua. Mzee wa Nchelenge alijua jina la mama, la baba na la kijiji chetu. Ndiyo maana cherehani ilirudi. Rehani isiyo na jina ni sawa na kunyang'anya.

Nimekwenda Mantapala mara mbili na baiskeli ile juu ya gari. Mara ya pili niliambiwa huenda mwenyewe amekwisha kurudi, kwani tangu Desemba 2021 UNHCR na serikali zilianza kuwarejesha Pweto waliotaka.

Wenzangu wenye maboti, najua si mimi peke yangu. Kuna redio, masufuria na majembe yaliyolala katika maghala ya Kashikishi. Tuyatoe, tuwatafute wenyewe.

Na wewe baba uliyevuka na watoto watatu, njoo ufukweni uulize. Baiskeli ipo. Ukinitajia kilichokuwa kimefungwa kwenye keria yake, nitajua ni wewe. Huna nauli ya kunilipa.