Namba ya Dharura Haivuki Mpaka



Zamani jirani akipatwa na shida usiku, alipiga yowe. Watu waliamka. Mmoja alishika taa, mwingine panga, mwingine machela ya kumbebea mgonjwa. Yowe lilieleweka na kila mtu kijijini.

Siku hizi yowe tunalipiga kwa simu. Tunabonyeza namba chache, na msaada unatoka mbali. Lakini yowe la simu lina jambo lake. Kila nchi ina namba yake. Ukipiga namba ya nchi nyingine, unaweza kupiga mpaka kuche na asije mtu.

Jambo hili linatuhusu sisi tunaokaa Soweto hapa Moshi, na ndugu zetu wa Marangu, Rombo na Holili. Mpaka wa Kenya uko karibu. Akina mama wanavuka na ndizi kwenda kuuza Taveta na Loitokitok. Vijana wetu wanapanda mlima wakibeba mizigo ya wageni. Basi inafaa tujifunze namba hizi.

Usiku mmoja Soweto

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Soweto amejifungua nyumbani saa nane za usiku. Uchungu ulikuja ghafla, hakuwahi kwenda hospitali. Mtoto analia vizuri. Lakini mama anatokwa damu, na damu haikati. Kanga ya kwanza imelowa. Ya pili nayo imelowa.

Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa kabla ya saa mbili kupita. Hapo hakuna wakati wa kungoja kuche.

Mama mkwe wake anachukua simu. Je, apige namba gani?

Binamu aliyeishi Kenya anasema, "Piga 999." Kijana aliyezoea sinema za Marekani anasema, "Piga 911." Wote wawili wana nia njema. Wote wawili wamekosea, kwa sababu nyumba hii iko Tanzania.

Kwa mama mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga, namba ya Tanzania ni 115. Ni ya mpango wa usafiri wa dharura uitwao m-mama. Mwaka 2022 Serikali ilizindua kazi ya kuueneza mpango huu nchi nzima. Kupiga 115 ni bure. Anayepokea anauliza maswali, kisha anatafuta gari la wagonjwa. Kama gari hilo liko mbali, anamwita dereva wa karibu aliyeandikishwa katika mpango. Dereva huyo analipwa na mpango, halipwi na familia ya mgonjwa.

Mazungumzo yanaweza kuwa hivi:

"Shikamoo mama. Una shida gani?"

"Marahaba mwanangu. Mkwe wangu amejifungua nyumbani, damu haikati."

"Mko wapi, mama?"

"Tuko Moshi mjini, kata ya Soweto."

"Karibu na nini?"

"Karibu na shule. Mwanangu wa kiume atasimama barabarani na tochi."

"Vizuri mama. Usikate simu."

Angalia alivyojibu. Ametaja mji, kata, na kitu kinachoonekana. Ameweka mtu barabarani. Hayo ndiyo yanayomfikisha dereva mlangoni.

Wakati wa kungoja gari, mama alale na afunikwe apate joto. Mtoto awekwe kwenye ziwa anyonye, kwa maana kunyonya kunasaidia mji wa mimba kujikaza. Mama akiweza, akojoe. Asipewe dawa za mitishamba. Asiachwe peke yake hata kidogo.

Kwa nini namba si moja?

Kila nchi ilichagua namba yake kwa wakati wake.

Mwaka 1935 nyumba moja iliungua mjini London, Uingereza, na wanawake watano wakafa. Jirani alipiga simu kuomba msaada, lakini aliwekwa kwenye foleni kama mtu anayepiga simu ya kawaida. Watu walikasirika. Mwaka 1937 Uingereza ikaanzisha namba 999, ili simu ya dharura itangulie nyingine zote.

Kwa nini 9? Simu za wakati ule zilikuwa na gurudumu la kuzungushwa kwa kidole. Tundu la 9 lilikuwa karibu na mwisho, hivyo mtu aliweza kulipapasa na kulipata hata gizani au penye moshi. Namba 111 haikufaa. Nyaya zikigusana kwa upepo, simu iliweza kujipiga yenyewe.

Huko New Zealand gurudumu lilipangwa kinyume, namba 1 ikawa mahali ambapo wenzao walikuwa na 9. Kwa hiyo wao wakachukua 111.

Marekani ilianza kutumia 911 mwaka 1968. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikubaliana mwaka 1991 kuwa na namba moja ya pamoja, nayo ni 112. Oman, ambako baadhi ya ndugu zetu wanafanya kazi, namba ni 9999.

Jirani zetu Kenya na Uganda zilitawaliwa na Uingereza. Mpaka leo namba 999 inatumika huko, pamoja na 112. Rwanda wanapiga 912 kuita gari la wagonjwa, na 112 kuita polisi.

Namba za Tanzania

Zisome polepole. Kisha ziandike.

112 – Polisi, kwa dharura
114 – Zimamoto na Uokoaji
115 – Mama mjamzito, mama aliyejifungua, na mtoto mchanga
116 – Mtoto anayeonewa au aliye hatarini
199 – Wizara ya Afya, kwa kuuliza na kutoa taarifa

Kumbuka kwamba polisi wa 112 hawana gari la wagonjwa mlangoni kwako. Kwa hiyo andika pia namba ya zahanati yenu, na namba ya jirani mwenye gari au bajaji. Namba ya Serikali na namba ya jirani zinasaidiana.

Mpakani, angalia simu yako

Watu wa Tarakea na Holili wanajua jambo hili. Ukiwa karibu na mpaka, simu inaweza kunasa mtandao wa Kenya nawe ungali umekaa kwenye mgomba wako Tanzania.

Simu za mkononi zimetengenezwa ziitambue 112 kama namba ya dharura. Mtandao wako ukikosekana, simu inajaribu kupita kwenye mtandao wa kampuni nyingine uliopo hapo. Hilo ni jema. Lakini kama mtandao uliopo ni wa Kenya, simu yako itapokelewa Kenya. Atakayepokea hajui Tarakea yako. Kwa hiyo neno la kwanza liwe nchi: "Niko Tanzania, wilaya ya Rombo." Kisha taja kata na kijiji.

Ukivuka mpaka kwenda sokoni, kumbuka kwamba 115 umeiacha nyumbani. Ukipatwa na ajali Taveta au Loitokitok, piga 999 au 112. Kabla ya kuvuka, ziandike kwenye karatasi na uzifunge kwenye pindo la kanga pamoja na fedha.

Na ninyi vijana wa mlimani, mwulize mgeni wako anajua namba gani. Mmarekani atasema 911. Mwingereza atasema 999. Mfundisheni 112 kabla ya kupita geti. Mjulisheni pia kwamba pasipo mtandao wowote hakuna namba inayofanya kazi. Hapo msaada ni kiongozi wa safari na miguu ya wenzake.

Kazi ya kufanya leo

Namba hizi zina tarakimu tatu tu. Mtu aliyeanza kisomo juzi anaweza kuziandika. Chukua kipande cha mkaa au chaki. Andika 115 nyuma ya mlango, mahali ambapo mtoto wa shule naye anaona. Iandike kwenye kadi ya kliniki ya mama mjamzito. Chini yake andika jina la kata yenu na kitu kilicho karibu na nyumba. Usiku wa shida mtu husahau hata jina la mtaa wake. Maandishi hayasahau.

Piga simu mara moja ukiona dalili hizi kwa mama: damu nyingi, degedege, kichwa kinachouma sana na macho kuona ukungu, homa kali, au mtoto kuacha kucheza tumboni. Kwa mtoto mchanga: hataki kunyonya, anahema haraka, ana degedege, au mwili ni wa moto au wa baridi sana.

Usipige namba hizi kwa mchezo. Dakika unayocheza nayo ni ya mama anayetokwa damu mahali pengine.

Maswali ya kujadili darasani

1. Namba ya mama mjamzito Tanzania ni ipi? Je, inafanya kazi Kenya?
2. Kwa nini mtu wa Tarakea aanze kwa kutaja nchi yake?
3. Dereva asiyejua kijiji chenu ataifikaje nyumba yenu usiku? Eleza njia kwa maneno machache, kama unayesema kwenye simu.
4. Nyuma ya mlango wako pameandikwa nini?