Mtambo Ukijiendesha, Fundi Ana Kazi Gani?

Kijana wa Murusagamba anayetaka kusomea umeme huenda akaambiwa kwamba mitambo ya siku hizi inajiendesha, kwa hiyo fundi hana chake. Asikubali haraka. Jibu liko wilayani kwake Ngara, kwenye maporomoko ya Rusumo, mto Kagera. Kituo cha hapo kina mashine tatu zenye jumla ya uwezo wa megawati 80, na umeme wake Tanzania, Rwanda na Burundi hugawana sawa. Fungu letu hupita kwenye njia ya kilovoti 220 hadi Nyakanazi, Biharamulo.

Umeme wa gridi hutakiwa kukaa karibu na hezi 50. Matumizi yakipanda ghafla, mashine huelemewa, mwendo hupungua na hezi hushuka. Kidhibiti mwendo hutambua hilo papo hapo, kikafungulia turbini maji zaidi. Hakuna mtu awezaye kufuatilia mabadiliko hayo kila sekunde, usiku na mchana.

Kwenye njia za kwenda vijijini huweza kufungwa swichi inayojirudisha. Tawi likigusa waya kwa upepo, swichi hukata umeme, husubiri kidogo, kisha huurudisha. Hitilafu nyingi za nyaya za juu ni za kupita, hivyo hayo hutosha. Tawi likiwa limelala juu ya waya, swichi hujaribu mara chache, kisha hukata kabisa. Ikiwa imeunganishwa na chumba cha udhibiti, taarifa hufika huko.

Kuanzia hapo kazi ni ya watu: gari, vipuri, fundi anayeijua njia ile, na uhakika kwamba laini imezimwa, imepimwa na kuunganishwa na ardhi (ethi) kabla mtu hajapanda nguzo. Kuyapanga hayo ndio usimamizi wa huduma za kiufundi. Msimamizi hodari hatosheki na kurudisha umeme tu; huuliza kipande hiki kimekatika mara ngapi tangu masika, na kwa nini. Kumbukumbu zikionyesha ni miti ileile, hupeleka wafyekaji kabla ya dhoruba ijayo.

Njia ya kuingia kazini ipo. Cheti cha VETA hufungua mlango; stashahada hupatikana, kwa mfano, Chuo cha Ufundi Arusha, chenye kituo cha mafunzo ya umeme wa maji Kikuletwa. Anayetaka kufunga umeme majumbani huhitaji leseni ya EWURA. Juu ya hayo, kijana ajifunze kuandika programu za kuongoza mitambo na kusoma takwimu za vihisi.

Lakini asingoje chuo ndipo aanze. Akiwa bado msaidizi wa fundi, kwa kila kazi aandike tarehe, saa, hitilafu, chanzo na kipuri kilichotumika. Mashine itamweleza kilichotokea. Sababu ya hilo kutokea tena na tena ataisoma kwenye daftari lake, na anayeijua sababu ndiye atakayekabidhiwa usimamizi.